Mvumi: Msitu wa Vitabuni na Mibuyu ya Kweli

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, juu ya kabati au chini ya mto wa mtoto, kipo kitabu chembamba chenye picha ya tumbili akimchezea mamba. Huenda kilitolewa zawadi katika shule ya Jumapili. Huenda kilinunuliwa kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, na aliyekinunua hata si Mkristo, ila alipendezwa na picha. Mtoto hukisoma, hucheka, kisha hufika ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mzaha hugeuka kuwa mafundisho: tumbili ni wewe, mamba ni dhambi.

Vitabu vya namna hiyo vimesomwa kwa lugha nyingi duniani, na watoto wa nchi za mbali wameijua Afrika kwa kupitia humo. Ila ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu kwamba mashuhuri zaidi kati ya vitabu hivyo vilipata mbegu yake hapa hapa nchini, katika kijiji kimoja cha Ugogo kiitwacho Mvumi. Leo nakualika tufunge safari mpaka huko, tukaone kilichomo kitabuni na kilichoachwa nje ya kitabu.

Kwa mtu atokaye Dar es Salaam, njia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, humfikisha msafiri kwa muda usiofika saa nne, ilhali treni ya reli ya zamani ililala njiani usiku kucha. Kutoka Dodoma mjini hadi Mvumi Misheni ni mwendo wa kilomita 40 hivi, upande wa kusini-mashariki. Nakushauri ukae dirishani, kwa kuwa katika safari hii mwalimu wa kwanza ni nchi yenyewe.

Ardhi ni nyekundu, na wakati wa kiangazi vumbi hupanda na kutua juu ya kila kitu. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo kwa wastani haizidi sana milimita 570 kwa mwaka. Mito yake ni mito ya mchanga: hufurika siku chache, kisha hukauka, na akina mama huchimba kisima katikati ya mkondo ili wapate maji. Utaona mashamba ya uwele na mtama, utaona majabali yaliyorundikana kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono, na juu ya yote utaona mibuyu. Mibuyu ya Ugogo haijipangi msituni. Kila mmoja husimama peke yake kama mzee wa ukoo, shina lake nene likiwa limehifadhi maji ya masika yaliyopita.

Ukiteremka Mvumi utaamkiwa “Mbukwa,” nawe itikia vivyo hivyo, mkiwa wengi mtaambiwa “Mbukwenyi.” Usiwe na haraka, maana maamkizi ya Kigogo hayana pupa. Kijiji kina kanisa, kina shule, na kina hospitali ya Dayosisi ya Kanisa la Anglikana ambayo jina lake limevuma hasa kwa matibabu ya macho. Hilo si jambo la bahati. Katika nchi ya vumbi, nzi na uhaba wa maji ya kunawa, ugonjwa wa vikope uliwapofusha watu wengi kwa miaka mingi.

Katika hospitali hiyo alifika, mwaka 1938, daktari kijana kutoka Australia aitwaye Paul White. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Bowral, New South Wales, akasomea udaktari Sydney, kisha akaja Tanganyika na mkewe kwa kutumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana. Hakukaa sana. Mwaka 1941 ilimbidi arudi kwao kwa sababu ya maradhi ya mkewe. Lakini ile miaka michache ya Mvumi ilimtosha kuandikia maisha yote. Alisimulia katika redio, akaandika kitabu kimoja, akafuatisha kingine na kingine, mpaka alipofariki mwaka 1992 jina la vitabu vyake lilikuwa limeenea kuliko jina lake halisi. Jina hilo ni Jungle Doctor, yaani Daktari wa Msituni.

Mwaka 1955 akatoa kitabu cha ngano za wanyama, Jungle Doctor's Fables, na baada yake vikaja vingine vya aina hiyo. Humo msimulizi si daktari mwenyewe. Ni Daudi, msaidizi wake Mwafrika katika hospitali, akizungumza kando ya moto jioni, huku watoto na wagonjwa wamemzunguka. Wanyama wake wamebaki na majina ya kwetu: yumo Twiga mwenye busara, yumo na Nyani. Kuna hadithi ya tumbili asiyesadiki kwamba mamba wako, na jina la hadithi hiyo peke yake limekwisha kukuambia mwisho wake. Kuna ya chui wadogo ambao, kama ilivyo ada, hukua wakawa chui wakubwa. Kila ngano ina fumbo, na kila fumbo lina jibu la Kikristo.

Sasa, ndugu msomaji, ukisimama katikati ya Mvumi, geuza shingo pande zote nne, ujiulize: msitu uko wapi?

Msitu hakuna. Haukuwako mwaka 1938, na leo haupo. Ugogo ni nchi ya nyika, ya vichaka vya miiba na mibuyu. Kiboko na mamba wanaojaa katika kurasa zile hawawezi kuishi katika mto wa mchanga. Anayetaka kuwaona yampasa ashuke mbali kusini, mpaka maji makubwa ya Mtera. Neno “msitu” lilichaguliwa kwa ajili ya wasomaji wa Sydney na London, ambao kwao Afrika isiyo na msitu isingalikuwa Afrika. Hivyo kijiji chenye shida ya maji kikafunikwa kwa majani mabichi, na watoto wa dunia nzima wakakijua kwa sura isiyo yake.

Simwonei daktari yule. Alitibu watu kwa vifaa haba, na katika kumpa Daudi kiti cha msimulizi alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa Kizungu wa zama zake hawakulifanya: alimkubali Mwafrika kuwa mwenye hekima ya hadithi. Isitoshe, mtindo wenyewe wa kuwasemesha wanyama ni mali yetu. Babu zetu, wawe wa Pwani au wa Bara, walitufunza ulimwengu kwa Sungura na Fisi kabla ya vitabu kuwako. Daktari aliukuta moto umekwisha kuwashwa, naye akaota.

Lakini kuna tofauti moja ambayo sisi wazazi tunapaswa kuitambua. Mtoto wa kale aliyesikia ngano ya fisi usiku, alimsikia fisi mwenyewe usiku huo huo nyuma ya zizi. Alikuwa na fisi wawili: mmoja wa kuchekesha na mmoja wa kweli. Hakuwachanganya. Mtoto wetu wa Kariakoo, wa Mwanjelwa au wa Mwanza mjini ana fisi mmoja tu, yule wa kitabuni, mlafi, mwoga, mjinga, ambaye mwisho wake ni mbaya siku zote.

Nilipomweleza jambo hilo mzee mmoja tuliyekaa naye kivulini karibu na hospitali, alicheka mpaka akafuta machozi.

“Mwanangu,” akasema, “fisi wa kitabu namjua, na fisi wa hapa namjua. Wa kitabu hufa kila mara. Wa hapa yupo, na akikosekana mizoga tutaizika wenyewe.”

Maneno ya mzee huyo yana uthibitisho. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro usiku baada ya usiku, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyaona. Ilidhihirika kwamba fisi si mwokota makombo tu. Ni mwindaji hodari, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyempokonya fisi windo lake, wala si kinyume. Kundi lao huongozwa na majike. Taya zake husaga mfupa ambao mnyama mwingine angeuacha. Huyo ndiye kiumbe ambaye tumemkabidhi mtoto kama mfano wa uovu, kisha tukafunga kitabu.

Je, kosa ni la dini? La hasha. Yeyote anayedhani kwamba imani humlazimisha mtu kumgeuza kila mnyama kuwa mahubiri, na aifungue Biblia yenyewe. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anamhoji mwanadamu juu ya mbuzi-mwitu wanavyozaa, juu ya punda-mwitu, mbuni na tai, sura baada ya sura, na hasemi kwamba viumbe hao ni mfano wa mtu fulani. Anataka tu Ayubu atazame, akiri kwamba wapo wanaoishi bila kumhitaji. Katika Mithali, sura ya 30, wanatajwa viumbe wanne wadogo wenye akili nyingi: chungu, wibari, nzige na mjusi. Funzo lipo, lakini linatoka katika tabia halisi ya mnyama, kwa mtu aliyeinama akatazama. Ndugu zetu Waislamu nao wanafahamu kwamba Kurani ina sura iliyopewa jina la nyuki, na nyingine jina la chungu.

Hapo kwenye wibari tusimame kidogo, kwa sababu Mvumi ina jambo la kukuonyesha. Ni watoto wangapi wamelisikia neno hilo likisomwa kanisani na kulipita kama jina la mji wa kigeni? Basi wibari ndiye pimbi, ambaye wengine humwita pelele. Panda taratibu hadi karibu na majabali wakati jua la asubuhi linapoanza kupasha mawe moto, kaa kimya, nawe utamwona: mnyama wa kimo cha sungura, mwenye masikio mafupi, asiye na mkia wa kuonekana. Nyayo zake zina ngozi laini yenye unyevu, inayomshikiza juu ya jiwe tupu ambalo wewe ungeteleza. Wenzake wanapokula, mmoja huketi juu akichunga, na akimwona tai hupiga ukelele, wote wakatoweka katika nyufa. La ajabu zaidi, wataalamu wa viumbe humhesabu mnyama huyu mdogo kuwa ndugu wa mbali wa tembo.

Mwandishi wa Mithali alisema ukweli: kiumbe dhaifu, nyumba yake mwamba. Mtoto aliyemwona pimbi hahitaji kuelezwa fumbo hilo mara mbili. Na mtoto ambaye hajamwona, hata ukimweleza mara kumi, amepata maneno matupu.

Waandishi wazuri wa vitabu vya aina hii walilijua jambo hilo tangu zamani. Huko Uingereza, mwaka 1855, Margaret Gatty, mke wa kasisi wa kijiji cha Ecclesfield, alianza kutoa hadithi za Kikristo kwa watoto zilizotungwa juu ya mimea, wadudu na ndege, kwa jina la Parables from Nature. Mama huyo huyo alishinda ufukoni akikusanya mwani, na mwaka 1863 akachapisha kitabu kikubwa cha kitaalamu juu ya mwani wa nchi yake. Alikitazama kiumbe kwanza, ndipo akatafuta fumbo.

Turudi Ugogo, maana hapa kutazama au kutotazama kumekuwa suala la chakula. Nchi hii iliteseka. Miti ilikatwa kwa kuni, mkaa na mashamba, mifugo ikazidi uwezo wa malisho, na mvua chache zilizonyesha zikabeba udongo na kuchimba makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na katika miaka ya 1980 ikaamuliwa kwamba mifugo iondolewe katika eneo la Mvumi ili ardhi ipumzike. Kwa Mgogo, ambaye ng'ombe ni heshima na akiba yake, huo haukuwa uamuzi mdogo.

Lakini kuna sura nyingine ya habari hii, nayo inamhusu Mwaustralia mwingine. Mwaka 1983 mmisionari na mtaalamu wa kilimo aitwaye Tony Rinaudo alikuwa nchini Niger, kando ya jangwa la Sahara, amechoka kupanda miche iliyokuwa ikifa. Siku moja alisimama akakitazama kwa makini kichaka alichokuwa akikipita kila siku, akagundua kwamba si kichaka. Kilikuwa kisiki cha mti uliokatwa, mizizi yake ikiwa hai, kikichipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Akawaonyesha wakulima namna ya kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa yaliyobaki, na kuyalinda. Miti ikarudi bila kupandwa.

Njia hiyo leo imefika Dodoma, na jina lake la Kiswahili ni tamu: Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 asasi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wameifundisha katika vijiji vya mkoa huu. Mkulima huchagua kisiki, hubakiza machipukizi machache, hufunga kitambaa kuwa alama ili asiyejua asikate, kisha hutunza. Ukipita vijiji hivyo ukaona mti mwembamba umefungwa utepe shambani, usidhani ni uganga. Ni ahadi ya mtu kwa mti.

Hebu walinganishe Waaustralia hao wawili, wote watu wa imani moja. Wa kwanza aliikuta nyika akaiita msitu, kwa kuwa hadithi ilihitaji msitu. Wa pili alikikuta kichaka, akainama, akauliza ni kitu gani hasa. Wote wawili waliwasaidia watu. Lakini ningetaka mwanangu asome cha kwanza kwa macho ya wa pili.

Najua utaniambia, “Ndugu mwandishi, mimi ni mfanyakazi, nauli ya Dodoma kwa watu sita nitaitoa wapi?” Ni kweli, wala sikutumi Mvumi kwa lazima. Mbuyu uko hata kwenye mfuko wa shule wa mtoto wako. Zile punje nyekundu za ubuyu anazomumunya zilitoka katika mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, ambao maua yake hufunguka usiku na kutembelewa na popo. Mwulize kama anajua hayo. Kama hajui, mpe habari hiyo pamoja na ubuyu wake.

Na usiku wa leo, taa ikiwashwa, tazama ukutani. Atakuja mjusi mdogo mweupe, ambaye Waswahili tumemwita mjusi kafiri. Hatukungoja daktari kutoka ng'ambo atufundishe kumhukumu mnyama kwa dini. Jina hilo tumelitunga wenyewe, na watoto wetu humpiga kwa kandambili wakidhani wanafanya jambo jema. Ilhali yeye usiku kucha anakula mbu na nondo ndani ya chumba anacholala mtoto, tena ni jamaa wa yule mjusi wa Mithali aliyesifiwa kwamba hupatikana hata katika majumba ya wafalme.

Mwite mtoto, mketi pamoja, mmtazame akinyemelea. Kitabu chake asome, fumbo lake ajifunze kwa imani ya wazazi wake, maana mtoto asiye na mafundisho ni jahazi lisilo na usukani. Lakini kwanza ajue kwamba mjusi ni mjusi, fisi ni fisi, na Mvumi ni nchi ya mibuyu.